Baba Aliyepiga Meno Msasa

Siku hizi, akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, Baba Chiriku huisimulia mwenyewe habari hii, na kila mara huianza vivyo hivyo: "Sikieni visa vya mjuaji." Ni fundi rangi, mrefu, mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye kope. Chiriku ni bintiye wa pekee, wa miaka sita, na jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu tangu ajue kusema hajajua kunyamaza. Anaongea akila, anaongea akioga, hata usingizini utamsikia akibishana na mtu.

Fundi alikuwa na sababu ya kuyashikia bango meno ya mtoto. Ya kwake mwenyewe yalikuwa msiba. Utoto aliumalizia kwenye pipi, na kabla hajafika miaka thelathini magego yote ya kushoto yalikuwa yameng'olewa, upande ule umebaki kama uzio ulioibwa mbao. Kwa hiyo siku jino la kwanza la Chiriku lilipochomoza, aliapa mbele ya mkewe kwamba mtoto huyu hatamjua mng'oa meno. Mkewe, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, alimwacha aape.

Kazi ya mswaki akaichukua yeye. Alinunua mswaki wenye nyuzi ngumu kuliko zote dukani, maana kwa akili yake kitu kigumu ndicho kinachosafisha. Asubuhi na jioni alimweka mtoto juu ya kigoda, akamshika kidevu, akasugua kama mtu anayekwangua rangi kuukuu mlangoni. Fizi zikitoa damu, alisema ni uchafu unatoka.

Pipi akapiga marufuku. Soda, marufuku. Badala yake, kila asubuhi alimkamulia malimau, akakoroga na asali vijiko vitatu, akamjazia chupa ya kwenda nayo shule. Chiriku alikuwa akinyonya chupa ile kidogo kidogo kutwa nzima, katikati ya maneno. Akirudi jioni anamalizia tone la mwisho, na baba yuko tayari na mswaki.

"Limau linang'arisha, asali ni dawa," alimwambia kila aliyemsikiliza, na wengi ambao hawakutaka kumsikiliza. Aliyeteseka zaidi ni jirani yao, Mama wa Genge, muuza mboga aliyekuwa na mwana wa rika la Chiriku. Fundi hakuweza kununua fungu la nyanya bila kumwachia hotuba. Siku moja alimkuta yule mtoto ana pipi mdomoni, akamwambia mama yake, "Dada, hapo unamchimbia mwanao kaburi la meno." Mama wa Genge alimfungia nyanya zake, akamgeukia mteja mwingine. Fundi akadhani amemwelimisha.

Basi shule ikatangaza siku ya kupima meno, na wazazi wakaalikwa. Fundi alikwenda kwa mwalimu mkuu kwa miguu yake mwenyewe.

"Mwalimu, nipe dakika kumi tu niwaeleze wazazi wenzangu ninavyofanya nyumbani."

"Una utaalamu, Baba Chiriku?"

"Nina mfano hai." Mwalimu akacheka, akamwandika kwenye ratiba.

Jioni ile mkewe, akitia uzi sindanoni, alisema, "Mtoto anatafuna upande mmoja. Na akinywa maji ya baridi ananyamaza."

Chiriku kunyamaza! Mtu mwenye akili timamu angeshtuka. Fundi alijibu kwa majivuno, "Ameanza kuwa na adabu. Na kutafuna upande mmoja karithi kwa baba yake."

Siku ikafika. Fundi alivaa shati lake la pekee lisilo na madoa ya rangi, lile la harusi, na mfukoni akatia ule mswaki ili awaonyeshe watu. Daktari wa meno alikuwa mwanamke mpole aliyeketi darasani karibu na dirisha, ana kioo kidogo chenye mkono mrefu. Watoto walipita mmoja mmoja. Zamu ya Chiriku ilipofika, daktari alitazama, akageuza kioo, akatazama tena. Fundi alisimama nyuma akitabasamu kwa upande wa kulia, ule wenye meno.

"Nani anampigisha mswaki huyu?"

"Mimi," fundi akatunisha kifua.

"Kwa mswaki gani?"

Akauchomoa. Nyuzi zilikuwa zimelala huku na huku kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Daktari aliupokea kwa vidole viwili.

"Anakunywa nini mchana?"

Fundi akaeleza habari za limau na asali, hakuacha hata kijiko. Kadiri alivyoeleza, ndivyo uso wa daktari ulivyozidi kuwa mpole, na upole huo ndio uliomtia wasiwasi. Daktari akatazama kucha za fundi zilizogandamana na rangi.

"Wewe ni fundi rangi?"

"Naam."

"Ukuta uliopakwa sasa hivi, bado mbichi, unaweza kuupiga msasa?"

"Daktari, huyo atakuwa mwendawazimu."

"Basi."

Daktari alimweleza taratibu. Jino lina gamba gumu la juu linaloitwa enameli. Ukali wa limau hulilainisha kwa muda, na mate ndiyo hulirudishia ugumu, yakipewa nafasi. Chiriku hakuwa akiyapa nafasi, kwa kuwa chupa ilikuwa mdomoni kutwa. Asali nayo ni sukari kama sukari nyingine, inawalisha vijidudu wanaotoboa meno. Kisha jioni, gamba likiwa laini, anakuja mtu na mswaki mgumu kama brashi ya chuma kulisugua.

"Magego mawili yametoboka," alimalizia. "Mengine gamba limeanza kulika. Bahati nzuri tumeyawahi."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na shati lake la harusi. Haikupasuka. Badala yake ilisikika sauti ya mwalimu mkuu kutoka uwanjani: "Na sasa tumsikilize mzazi wetu wa mfano!"

Makofi yakapigwa. Alisimama mbele ya wazazi na ule mswaki aliorudishiwa na daktari, maneno yote aliyoyakariri yameyeyuka. Kabla hajapata la kusema, Chiriku akapaza sauti toka mstari wa mbele: "Baba, waambie nina matundu mawili!"

Kicheko kilichofuata, fundi anasema, hajawahi kukisikia hata kwenye harusi. Hakuwa na pa kukimbilia, akaona bora aseme ukweli. Akauinua ule mswaki juu. "Ndugu zangu, huu nilikuja kuwaonyesha ili muige. Sasa nawaonyesha ili muukimbie." Akasimulia yote, chupa, asali, msasa, mpaka damu aliyoiita uchafu. Kisha akamtafuta kwa macho Mama wa Genge. "Dada, yale maneno ya kaburi, nilikuwa nimeshika jembe mimi mwenyewe. Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani," alijibu Mama wa Genge. "Lakini sasa wanetu tuwafanyeje?"

Kwa mara ya kwanza tangu awe baba, fundi alisema, "Sijui. Muulizeni daktari." Akaenda kukaa chini.

Chiriku alizibwa magego yale kliniki, akiongea mpaka daktari akamwomba aache mdomo wazi lakini ulimi aupumzishe. Nyumbani mambo yakageuka. Chupa ya shule ikawa ya maji matupu. Juisi ikabaki ya mara moja kwa siku, pamoja na chakula, na baada yake hapigi mtu mswaki mpaka ipite saa nzima. Mswaki mpya ulikuwa laini kiasi kwamba fundi alidhani wameuziwa bandia. Dawa ya meno yenye floridi, madini ya kuimarisha gamba, kiasi cha punje ya kunde tu. Ateme povu, asisukutue. Kigumu zaidi kilikuwa mkono wake fundi. Wiki ya kwanza mkewe alimvuta mara tatu kando ya kigoda, akimwambia, "Hapa si kwenye mlango."

Baada ya miezi sita walirudi kliniki. Hakukuwa na tundu jipya, na nyuma kabisa gego la kudumu lilikuwa limeanza kuchungulia. Daktari akachukua kibrashi kidogo, akayapaka meno dawa ya kuyalinda. Fundi alivumilia kadiri alivyoweza, kisha ufundi ukamshinda.

"Daktari, unapaka mikono mingapi? Rangi mimi huirudia mkono wa pili."

"Mmoja unatosha, fundi."

"Na kukauka?"

"Asile kwa muda kidogo. Na wewe usiguse."

Fundi akaweka mikono yote miwili mfukoni, akaiacha humo mpaka walipofika nyumbani.