Kosa Langu Katika Barua ya Emojong

Mwaka 1966 nilimfunga mtu jela kwa neno moja la Kiingereza. Alipotoka, akaja kunishukuru.

Naitwa Maloba, Msamia wa Busia upande wa Kenya. Ujana wangu nilikuwa na taipureta, meza na kiburi kingi. Kila asubuhi navuka mpaka, nakaa sokoni upande wa Uganda, nawaandikia watu barua.

Siku moja akaja Emojong, dereva wa lori la pamba, mtu wa Molo, karibu na Tororo. Breki zake ziligoma, lori likamgonga mzee Odoi kwenye baiskeli. Mzee akafa palepale.

Tajiri mwenye lori akadai dereva alikuwa amelewa. Emojong akataka barua ya kujitetea kwa hakimu.

"Mwalimu, andika mimi naacha kunywa mbele ya safari ya pamba," Emojong aliniambia. "Tangu naokoka, hata tone hapana."

Nikagonga taipu: "I stopped to drink before the cotton journey."

Nikamsomea Kiingereza hicho asichokijua. Akatabasamu, akatia dole gumba.

Kesi ilisikilizwa Tororo. Nilienda kwa sababu zangu: nilikuwa nimeomba ukarani mahakamani hapo, na nilitaka hakimu aione kazi yangu.

Hakimu akasoma. Akavua miwani.

Mkalimani akatafsiri: "Umekiri mwenyewe. Ulisimama kunywa pombe, ndipo ukaanza safari."

"Hapana! Mimi hapana sema hivyo!"

"Dole ni lako?"

Emojong akakitazama kidole gumba chake.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilipaswa kuandika "stopped drinking", yaani aliacha kunywa. "Stopped to drink" ni alisimama ili anywe.

Mkewe, Alupo, alikuwa ameketi kando yangu. Akanishika mkono.

"Mwalimu, wewe naandika nini?"

Ningesimama tu. Sentensi moja, basi. Lakini nani angeajiri karani asiyejua Kiingereza?

"Niliandika alivyosema," nikamjibu.

Miaka mitatu.

Kazi nikapata. Alupo alikuja ofisini mara mbili kuulizia rufaa. Nikamwambia muda umepita.

Ulikuwa haujapita.

Mwaka 1969 Emojong akatokea mlangoni, amekonda, ana kuku kwapani.

"Mkalimani nakula hongo ya tajiri," akasema. "Wewe peke yako nasimama na mimi. Chukua kuku."

Nilishindwa kumpokea. Nikamwambia yote, tangu neno lile hadi rufaa.

Akamrudisha kuku kwapani.

"Wewe najua lini?"

"Siku ileile. Kabla hakimu hajataja miaka."

"Kiingereza si ya baba yako," akasema taratibu. "Kukosea, mimi nasamehe. Lakini Alupo nakuuliza, na wewe najua."

Akaondoka na kuku wake. Sikumwona tena.

Ndugu zangu mnaowaandikia wasiojua kusoma, mkikosea semeni hapohapo, hata kama mtafukuzwa kazi. Mimi kazi niliifanya miaka ishirini na sita. Hakuna mshahara nilioupokea bila kumkumbuka Alupo.