Kilichofungwa Nyuma ya Rejeta

Kuleta Newala pikipiki inayokunywa maji ni uchokozi. Ndivyo walivyoniambia vijana wa bodaboda siku waliponiona kijiweni kwao nikijaza rejeta kwa kopo, huku mtaa mzima ukingoja bomba litoe chochote. "Bibi shamba," mmoja akasema, "hiyo siyo pikipiki, huyo ni mke mwenza. Anakunywa kabla yako." Nilicheka kwa kuwa alisema kweli. Lakini mashamba ninayoyahudumia yako kule barabara inakokwisha, na pikipiki ile ndefu ya porini, iliyoachwa na mradi uliofungwa, ndiyo niliyopewa.

Tabu yake ilikuwa moja, kuchemka. Kila nikipanda mlima kutoka Masasi ilinilazimu kusimama katikati, nikae juu ya jiwe mpaka ipoe, na wapita njia wanipe pole za kejeli. Nilijipa jibu mwenyewe: mawe yanayorushwa na gurudumu la mbele yameiponda rejeta. Nikaagiza kinga zake Dar, vyuma viwili vya alumini vyenye matundu, vikaja na basi hadi Masasi.

Nyumbani naishi na mama. Mama ni Mwanglikana wa kuzaliwa, mjukuu wa waliobatizwa na wamisionari, na vitambaa vya altare kanisani kwetu anavishona yeye. Nilipokuwa mdogo bibi mzaa baba alimfunga kaka yangu hirizi kiunoni, eti homa imwache. Mama aliikata mbele ya wakwe zake wote, akaitupa jikoni kati ya mafiga. "Mtoto wa ubatizo hafungwi kamba," akasema, na bibi hakuongea naye mpaka mavuno. Kaka huyo alikua, akawa bodaboda Masasi, akafa barabarani kwa kugongwa na lori. Tangu msiba ule mama hajakalia pikipiki ya mtu yeyote. Yangu alikuwa akiiosha tu, kila Jumamosi, kwa maji yaliyokwisha kusuuza nguo, na nikitoka ananiombea mlangoni.

Fundi wangu wa Masasi ni mtu mzima, mpole, anayepanga bolti kwenye kifuniko cha ndoo asije akapoteza hata moja. Alifungua plastiki za ubavuni, akavalisha kinga ya kulia, akaingiza bolti zote bila kuzikaza, akazungusha usukani huku na huku kuona kama unagusa. Ikakaa vizuri. Ya kushoto ikagoma. Kishikizi chake kilitakiwa kupita nyuma ya rejeta, na nyuma ya rejeta kulikuwa na kitu kinachokizuia.

Fundi akaingiza vidole, akapapasa. Kisha akavitoa haraka kama aliyegusa pasi.

"Astaghfirullah," akasema. "Dada, hapa mimi sigusi."

Niliinama. Kifurushi cha ukubwa wa ngumi, kimeshonwa kwa kitambaa cheusi, kimefungwa kwa uzi mwekundu, kimebanwa sawasawa pale upepo unapotakiwa kupita. Mwanamke aliyekuwa akikaanga mihogo jirani alichungulia mara moja tu, akaipua karai na kuhama nayo. Wateja wakamfuata, jiko likabaki linawaka peke yake.

Sikufikiri. Nilichukua plaizi ya fundi, nikakata uzi, nikakitupa kifurushi kwenye lile jiko. Ndivyo nilivyofundishwa nyumbani. Kilitoa moshi mzito, fundi akawa anasoma dua huku amenigeuzia mgongo. Kinga ya kushoto sasa ikaingia bila ubishi.

Nilipanda mlima bila kusimama. Lile jiwe langu nililipita kwa mara ya kwanza, na rejeta haikuchemka. Wala sikufurahi. Njia nzima nilikuwa nikiwapitia watu mmoja mmoja: nani ananitakia ajali? Vijana wa kijiweni na utani wao? Mkulima niliyemkatalia salfa ya ziada, ile dawa ya mikorosho? Jirani anayenisalimia kwa tabasamu kubwa kupita kiasi? Nilifika Newala nimekwisha kuwachukia watu wanane, na wote hawana habari.

Mama alikuwa barazani anachambua mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuwa hivyo?"

Nikamweleza yote, kwa mbwembwe, nikitarajia vigelegele. "Lakini nimekichoma, mama! Kama wewe ulivyochoma ile ya kaka!"

Ungo ukamponyoka, mbaazi zikatapakaa sakafuni.

"Umekichoma?"

Nilimtazama. Hakuuliza ni nani aliyekifunga. Hakuuliza kilikuwaje. Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye pikipiki.

"Mama," nikasema, "usiniambie."

"Nilikifunga mimi."

Nilikaa chini palepale juu ya mbaazi. Ningeambiwa askofu kaonekana kwa mganga, ningeshangaa kidogo kuliko vile. Nikakumbuka jinsi alivyoshinda Masasi kabla ya Pasaka. "Ule mkutano wa akina mama wa kanisa?"

"Haukuwapo." Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Nilikifunga pale panapotoka joto. Niliona ndipo ulipo moyo wake."

Hasira ilinipanda. Nilimwambia kifurushi chake ndicho kilichokuwa kikiichemsha pikipiki, kwamba kingeweza kuniulia injini katikati ya pori. Nilimwambia amenidanganya, amemdanganya na padre. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaonyesha kidole zile alumini mpya.

"Na hivyo vyuma vyako vinakinga nini?"

"Rejeta."

"Na wewe?"

Nilianza kuokota mbaazi.

"Kaka yako nilimpa sala," mama akasema. "Kila asubuhi, sala tupu. Nikakuta amefunikwa shuka."

Hatukula usiku ule.

Asubuhi wakulima walikuwa wakinisubiri, mikorosho inatoa maua na salfa haingoji mtu. Nilipotoa pikipiki nje nilimkuta mama amesimama mbele ya gurudumu, ameshika usukani kwa mikono miwili. Nilimsihi. Hakubanduka. Nikamwambia nitaachishwa kazi. Akasema na niachishwe. Mwisho nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mama yangu, anataka nifanye nini.

Aliuachia usukani akaingia ndani. Alitoka amevaa sweta lake la kanisani, amejifunga kanga mbili, anabiringisha kinu. Akakipindua kando ya pikipiki, akakanyaga juu yake.

"Mama, unafanya nini?"

"Kama ni kwenda, twende wote."

Nilimpa helmeti, maana ilikuwa moja. Aliigeuza, akaitazama ndani, kisha akanivika mimi na kunifunga kamba kidevuni, kwa nguvu, kama anavyofungwa kofia mtoto mchanga. Nilivua, tukavutana, akashinda yeye.

Nilikwenda polepole kuliko baiskeli. Hakuimba, wala sikumsikia akisali. Nilisikia mapigo ya moyo wake tu mgongoni. Tulipofika shambani wakulima walikuja wakicheka, wakampa shikamoo yeye kwanza, wakamnyooshea mkono ashuke. Mama aliwaitikia marahaba, mmoja mmoja, lakini mikono yake ilikuwa bado haijaachia kiuno changu.