Kazi Niliyoifanya kwa Mdomo Wazi

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti saa nne asubuhi, ukumbini kwetu, mtaa wa Shela hapa Malindi, nikiwa nimepiga mswaki mara mbili kama nilivyoagizwa. Kiti cha kazi kilikuwa kile cha plastiki ambacho Nyanya hukalia akichambua mchele. Mkurugenzi alinifunga kanga shingoni, akaniinua kidevu, kisha akachungulia mdomoni mwangu kwa tochi ya simu hadi shingo ikaniuma. Nikamuuliza kama kuna mtu humo ndani. Akanijibu kwamba wafanyakazi wapya hawaulizi maswali.

Mkurugenzi huyo ni dadangu, Da Rukia, anayesomea utabibu wa meno katika chuo kimoja huko Kilifi. Mimi ni Mishi, wa kidato cha tatu. Nilitumikia chini yake likizo mbili, ya Aprili na ya Agosti, na sasa nimestaafu. Nayaandika haya kwa wadogo zangu mlio na ndugu wanaosomea meno, kwa sababu iko siku wataanza kuutazama mdomo wako vile paka anavyomtazama muuza samaki, na itakufaa kujua kazi yenyewe ikoje.

Iko hivi. Kwenye mtihani wa vitendo kila mwanafunzi huja na mgonjwa wake mwenyewe. Mgonjwa huyo haumwi chochote. Kazi yake ni kukaa kitini na kuchukuliwa chapa ya meno. Kuna unga unaoitwa aljineti. Ukichanganywa na maji huwa uji mzito, na baada ya dakika chache hugeuka kitu kama jeli ya sikukuu. Uji hujazwa kwenye trei, chombo cha chuma chenye umbo la kiatu cha farasi na vitobo vingi, kisha trei inakandamizwa juu ya meno na kushikiliwa hapo kimya. Ikitolewa, jeli inabaki na mashimo yenye sura ya meno yako. Mashimo hujazwa plasta, plasta ikishika unayapata meno yako mkononi, meupe, bila wewe.

Niliuliza unga huo hutoka wapi, nikaambiwa kwenye mwani. Nyanya, aliyezaliwa visiwani huko kaskazini na kukanyaga mwani tangu hajajua kutembea vizuri, aliinusa pakiti mara mbili. Akasema mwani wa kweli haunuki peremende, huu watakuwa wameuogesha.

Mgonjwa naye ana ujuzi wake. Unakaa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo ili uji usiteremke kooni, unapumua kwa pua, mate unayaacha yashuke kwenye kanga bila kuona haya. Ukihisi kutapika, chezesha vidole vya miguu. Usiniulize kwa nini. Da Rukia anasema akili ikishughulika na vidole, koo hulisahau. Nilijaribu mara nyingi na kweli hufanya kazi, isipokuwa siku ile paka alipodhani vidole vyangu ni panya.

Mtihani wa Aprili tuliufanya Kilifi, katika chumba chenye kiyoyozi kikali hata nikatamani sweta, mimi ambaye sweta nimeiona kwa watalii tu. Msimamizi alikuwa Mkufunzi wa Vifaa, mama wa makamo kutoka bara, anayesema kidogo na kuandika sana. Ana miwani mbili, moja ya kuonea mbali na moja ya kusomea. Trei ilikuwa tayari mdomoni mwangu, dadangu ameishikilia kwa vidole viwili, na kila kitu kilikwenda sawa mpaka Mkufunzi alipoanza kuitafuta miwani ya kusomea. Aliinua karatasi, akafungua droo, akajipapasa mifuko ya koti. Miwani ilikuwa kichwani mwake.

Mimi siwezi kuona kitu kama hicho peke yangu. Nikamtazama Da Rukia, nikayapandisha macho juu kuelekea kichwa cha Mkufunzi, kisha nikayakutanisha kwenye pua. Dadangu alicheka kwa pua. Nami nikacheka, na trei ikacheka nasi.

Mkufunzi aliipokea ile chapa, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mgonjwa ana meno mangapi taya ya juu?"

"Kumi na manne, daktari," akasema dadangu.

"Mimi hapa nahesabu ishirini na manane."

Akaandika. Kila jino lilikuwa limejichora mara mbili, moja la kabla ya kicheko na moja la baada. Da Rukia alianguka somo hilo. Alipewa nafasi ya kurudia Agosti, na akianguka tena arudie mwaka mzima na wale waliomfuata nyuma.

Baba alipomuuliza kilichotokea, alisema mkono wake uliteleza. Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha chai. Nyumbani kwetu hakuna neno lipitalo bila mimi kulidakia, lakini hilo nililiacha lipite.

Agosti ilipofika, Da Rukia hakunitaka tena. Akamwajiri binamu yetu Saumu, mtoto mpole, haulizi wala hajibu. Saumu alihudumu dakika moja. Trei ilipoingia tu, ubwabwa wote wa mchana ukatoka, na vidole vya miguu havikusaidia. Nikaitwa ofisini, yaani jikoni. Dadangu hakunikemea. Alisema hana mwingine, basi.

Kwanza nilipelekwa Idara ya Maji. Da Rukia alikuwa anafanya mazoezi kwa kufuata saa, kwa kuwa pakiti imeandika muda wa kukoroga na muda wa kungoja. Asubuhi alifaulu. Adhuhuri uji ulimgandia ndani ya bakuli kabla haujaiona trei, akabaki na mwiko umesimama wima katikati kama mlingoti. Alasiri hivyo hivyo. Akaanza kuamini kwamba mkono wake una kasoro, na mimi nikaanza kujiuliza mbona mkono una kasoro kwa ratiba.

Maji yetu hutoka kwenye tangi la juu ya dari. Nikaingiza kidole kwenye kikombe, nikakitoa mbio. Mchana wa Malindi maji hayo unaweza kuyatilia majani ya chai. Nikachota ya mtungi wa Nyanya, kisha nikaenda kwa jirani anayeuza barafu nikaomba kikombe cha maji ya friji. Nikakoroga kiasi kidogo cha kila aina, simu inahesabu, nikaandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Ya tangi yaliganda upesi mno hata sikuwahi kuandika. Ya mtungi yalikwenda sawa na pakiti. Ya friji yalikaa uji, yakakaa uji, nikaenda kufungua mlango wa mbele, nikarudi, bado uji.

Da Rukia aliitazama ile kalenda kwa muda.

"Mbona noti za darasani zinasema hivi hivi," akasema. "Maji ya moto hufanya haraka, ya baridi huchelewesha. Nimeisoma mara ngapi."

"Uliisoma ukiwa kwenye kiyoyozi," nikamwambia.

Kuanzia siku hiyo akatumia maji ya mtungi, na saa akaigeuza kifudifudi mezani. Badala yake akajizoeza kuubonyeza kwa kidole uji uliobaki kwenye bakuli. Ukinata kidoleni, bado. Kidole kikitoka kikavu na shimo likajifunga lenyewe, na huko mdomoni kumeiva.

Baada ya Maji nilihamishiwa Ghala, na huko ndiko nilikoharibu. Chapa haitakiwi ikae. Inatakiwa ijazwe plasta upesi, na ikibidi kungoja, ifunikwe kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko. Mimi niliambiwa niitunze isikauke, nikaona kitu kilichotoka baharini kitapumzika vizuri majini. Nikaitumbukiza kwenye beseni tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Jeli ile hunywa maji, wadogo zangu. Hunywa na kunenepa. Plasta ilipotoka dadangu akayalinganisha na meno yangu kwa rula, akaniuliza meno haya nimeyaazima kwa ngamia gani. Nilipoiacha nyingine dirishani siku ya pili, ikatoka jasho na kunywea, tukapata meno ya mbuzi. Zote mbili nilizipanga rafuni. Nilizipenda kuliko zile sahihi, maana zilinionyesha kitu kinapokwenda kombo kinakwenda upande gani.

Cheo changu cha mwisho kabla ya mtihani kilikuwa Mtahini wa Jikoni. Da Rukia anakaanga mahamri, mimi nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi na daftari lake, namuuliza. Poda ya zinki ukiichanganya na mafuta ya karafuu unapata nini? Dawa ya kuziba jino kwa muda. Kwa nini plasta humwagwa kidogo kidogo huku chapa ikitikiswa? Mapovu yapate kutoka, la sivyo jino litakuwa na tundu ambalo mwenyewe hana. Nyanya akisikia karafuu naye anatoa jibu lake, refu, linaloanzia kwa marehemu mamake. Hamri likiungua, swali linarudiwa.

Siku ya marudio walikuwa wanafunzi watatu, viti vitatu. Chumba kilekile, kiyoyozi kilekile, na juu ya meza jagi la maji lililotoka jasho kwa nje. Nililiona, na Da Rukia akaniona nikiliona. Hatukusema kitu, kwani mgonjwa haruhusiwi kumsaidia mwanafunzi, na Mkufunzi wa Vifaa alikuwa amesimama palepale.

Dadangu alikoroga vile inavyotakiwa, akiubana uji ukutani mwa bakuli ili mapovu yatoke. Trei ikaingia. Ilikuwa baridi hata meno yakaniuma. Vidole vyake viwili vikatulia juu yake.

Dakika zikapita. Mwanafunzi wa kiti cha pili aliitazama saa yake, akaitoa trei. Ikaja na nyuzi nyuzi, nyingine zikabaki kwenye masharubu ya mgonjwa wake. Wa kiti cha tatu akaitoa naye, yake ikiwa afadhali kidogo.

"Rukia," akasema Mkufunzi, "wenzako wametoa."

Ulimi wangu ulikuwa umegusa nyuma ya trei, na huko kulikuwa laini bado, laini kabisa. Nilijua jambo ambalo chumba kizima hakikulijua, na mdomo wangu ndio uliokuwa na kazi. Halafu, kama kwamba nilikuwa sijajaribiwa vya kutosha, Mkufunzi akaanza kujipapasa mifuko ya koti. Akainua karatasi. Sikuhitaji kuangalia kichwani mwake, lakini niliangalia, na miwani ilikuwapo.

Nikayashusha macho yangu kwenye kiatu changu. Nikachezesha vidole vyote kumi.

Da Rukia aliupeleka mkono wa pili kwenye bakuli, akabonyeza. Uji ukanata.

"Bado, daktari," akasema. Vile vidole viwili juu ya trei havikutikisika.

Mate yalinishuka hadi kwenye kola. Akabonyeza tena. Akangoja. Akabonyeza mara ya tatu, kidole kikatoka kikavu. Akaivuta trei kwa mvuto mmoja, na nikasikia mlio kama wa kiatu kinachotoka matopeni.

Mkufunzi aliipokea. Akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akaanza tena kupapasa mezani. Hakuna mwanafunzi aliyethubutu. Mimi mdomo wangu ulikuwa huru sasa, nikainua mkono kama darasani.

"Samahani, daktari. Miwani iko kichwani."

Akaishusha puani. Akanitazama mimi, kisha dadangu, kisha mimi tena.

"Na Aprili, ulikuwa umeiona?"

"Ndiyo, daktari," nikasema. "Nilimchekesha mimi. Mkono wake haukuteleza."

Aliigeuza chapa kwenye mwanga, polepole, jino kwa jino, midomo yake ikihesabu. Kisha akamuuliza dadangu kwa nini alingoja kuliko wenzake. Akaambiwa maji yalikuwa baridi, saa haijui hilo lakini bakuli linajua. Akamuuliza chapa ataiweka wapi hadi plasta iwe tayari. Da Rukia akasema kwenye kitambaa chenye unyevu, ndani ya mfuko, wala si ndani ya maji, hata akishauriwa na nani.

"Kumi na manne," akasema Mkufunzi, akaandika.

Dadangu alifaulu. Siku matokeo yalipotoka nilistaafu rasmi, bila sherehe, isipokuwa Nyanya alinipa miwa nitafune kwa meno yaliyohudumu.

Nimebaki na maswali mengi kuliko niliyoanza nayo. Nataka kujua nani wa kwanza aliyeutazama mwani akafikiria meno. Nataka kujua kama maji ya bahari yangeganda vipi, lakini Da Rukia ameuficha unga. Kwenye chumba chake cha chuo, juu ya dawati, kuna plasta moja tu, na nilipokwenda kumtembelea nilidhani itakuwa ile ya Agosti. Siyo. Ni ya Aprili. Anawaonyesha wa mwaka wa kwanza wanaokuja kusoma naye, anawauliza kosa ni nini. Wanaigeuza, wanahesabu hadi ishirini na manane, wanasema trei ilisogea.

"Ilisogea kwa nini?" anawauliza.

Hilo hawalijui. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kitandani kwake, na dadangu akanigeukia, akapandisha macho juu, kisha akayakutanisha kwenye pua.