Mkata Tiketi wa Mandewa

Mkata tiketi wetu hapa Mandewa hugonga meza kwa kidole mara sita, akitoa saa sita kwenye saa za tiketi ya ndege ziwe saa zetu za Kiswahili. "Mama, Dar mpaka Dodoma ni kama saa moja tu angani," husema kwa sauti ya chini, kama anatoa siri. Tiketi ya binti yangu Rukaya, aliyekuwa Dar, ya kuja kumzika bibi yake iliandikwa 10:00, yaani saa nne asubuhi. Siku ya kuikata nilimharakisha mkata tiketi, hakugonga meza, akaniambia saa kumi. Rukaya alifika uwanjani alasiri, ndege imeshaondoka. Bibi yake tukamzika bila yeye. Jana mkata tiketi alikuja kutoa pole. Alipiga hodi mara tatu, taratibu. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo, na sikusema karibu.