Manometa ya Papa

Leo asubuhi kamionete moja ilipanda kutoka mpaka wa Rusizi ya Kwanza, imejaa mihogo mpaka juu, na turbo yake ikapiga ile filimbi nyembamba, fiiii, mpaka ikapotelea kule Kamembe. Niliacha chai yangu ikapoa. Mie nikisikia ile filimbi narudi mutoto, nimekaa kiti cha mbele, mukono wa kuume wa Papa, miguu haifiki chini.

Wacha niwaambie, na musinikate maneno.

Tulikuwa tumerudi Rwanda nyuma ya vita ya Bukavu. Papa alizaliwa kule Bukavu, ngambo ya mpaka, akaoa kule, na kitu cha maana tulichovuka nacho ilikuwa ile kamionete ya diezeli. Ilikuwa inabeba mihogo na samaki ya bamaman ba soko, inapita Nyungwe na milima yake yote, na ndiyo ilikuwa inatulisha. Halafu ikaanza kuchoka. Kwenye mulima inatoa moshi mweusi, inajivuta kama muntu mwenye malaria. Déo, mekanisiye wetu, akafungua kapo, kile kifuniko cha moteri, akaangalia kidogo, akafunga.

"Turbo imekufa, Mzee. Tuitoe, ubakie na moteri ya kawaida."

Hata mie nilijua ile inamaanisha nini. Bila turbo, na mzigo mugongoni, Nyungwe haipandiki. Gari ingebaki ya kuzunguka Kamembe tu, na bamaman bangetafuta shofa mwingine.

Papa akasema, "Kwanza nataka nione na macho."

Ndiyo tukaenda Bukavu kutafuta manometa, ile kama saa ndogo yenye mushale, inayoonyesha turbo inasukuma hewa na nguvu gani. Tulivuka daraja kwa miguu. Mubebaji mumoja akamusalimia kutoka upande wa kushoto, "Bonjour, Mzee," Papa akapita kimya. Nyuma yetu nikasikia, "Huyu naye ana kiburi." Niligeuka nikamuambia kiburi iko kwao. Nilikuwa nimezoea ile vita. Kwenye robine ya maji nilishapigana na batoto ba jirani juu ya ile neno moja. Nilikuwa nabaambia Papa hana kiburi, ana heshima, muntu mukubwa hasalimii ovyo. Maneno sikukosa, hata wakati ule.

Muuzaji wa piesi za gari alikuwa kijana wa mudomo kama mie. Akaweka manometa mbili mbele yetu. Moja ndogo, ya taa ya bluu, nzuri mpaka nikasahau njaa. Akaiunga kwenye bateri akaonyesha vile inalia hewa ikizidi: tiiiii, kuku ya jirani ikaruka. Ingine ilikuwa kubwa, uso mweupe uliochoka, mushale mweusi munene, imetolewa kwenye gari ya zamani.

Nilimuvuta Papa shati. Ya bluu, Papa, ya bluu.

"Mutoto anajua," kijana akasema. "Hii ya kulia ni ya kisasa, Mzee. Wewe unaangalia barabara, yenyewe inakuita."

"Ya kulia sina kazi nayo. Nipe hii ya mushale mukubwa."

"Mzee, hii ni ya rika ya babu yangu."

"Basi umusalimie."

Papa akaichukua, akapuliza kwenye tundu yake na mudomo. Mushale ukapanda kidogo. Akaacha, ukarudi kwenye ziro. Akafanya tena, na tena, mpaka akaridhika. "Ule unaorudi kwenye ziro," akaniambia, "hauna uongo." Nilinuna mpaka nyumbani.

Déo hatukumuita. Papa alikata katuyo kadogo ka mupira kanakopeleka hewa kwenye pompi ya diezeli, akatia pale kipande cha shaba chenye midomo mitatu, na kutoka pale tukapitisha tuyo nyembamba kwenye tundu la nyaya mpaka ndani. Mie nilikuwa chini ya tablo, kichwa kati ya pedali, navuta, nanusa mazutu, ile diezeli, na mupira ya moto. Pale tuyo ilipogusa bati, Papa akaifunga na kitambaa, isikatike. Manometa akaiweka juu ya volá, ule usukani, mbele ya macho yake kabisa.

Tukapakia mifuko, tukashuka mpaka mpakani, tukageuka kupanda. Papa akakanyaga. Mushale ukatoka kwenye ziro, ukafika nusu, ukatetemeka, ukagoma pale. Nyuma, moshi.

"Déo alisema kweli," Papa akasema. Sikuwa nimewahi kumuona na ile sura.

Nilitaka tu kumutuliza. "Lakini inaimba muzuri, Papa. Kila ukikanyaga, pssss."

Akapiga freni. "Inaimba?"

"Si unasikia? Pale chini, tangu zamani."

Akatia majiwe nyuma ya matairi, akafungua kapo, akanisimamisha pembeni. "Mie nakanyaga, wewe onyesha na kidole." Nikaonyesha. Chini ya ile tuyo munene inayotoka kwenye turbo, mahali macho hayafiki, kulikuwa na mupasuko unaofunguka kama mudomo hewa ikija. Papa akaweka kiganja pale, akakiacha muda murefu. Halafu akakata shambreri ya tairi ya zamani, akaizungusha, akakaza na kolie ya chuma.

Tulipopanda tena, mushale ulipita nusu ukaenda juu, moshi ukakatika. Mbele ya karakana ya Déo Papa alipiga honi ndefu. Na ile kuniuliza kama inaimba, mie nilijua alikuwa ananipima tu, kama mwalimu anayeuliza kitu anachojua.

Nyuma ya miaka mingi mie na Maman tulimupeleka Papa hospitali. Daktari alimuvika vitu vya masikio, akapiga sauti nyembamba nyembamba; ukisikia, unanyanyua mukono. Mie nilikuwa nazisikia kutoka kwenye kiti changu. Papa alingojea, mukono haukunyanyuka.

"Ni tangu ile bombe ya Bukavu," Maman akasema polepole. "Sikio la kushoto lilikufa lote, la kuume likabaki na sauti nzito tu. Alinikataza kusema. Nani atapandisha mzigo wake kwa shofa kiziwi?"

Nikamukumbuka yule mubebaji wa daraja. Nikakumbuka ile tiiiii, na pssss. Na batoto ba robine, niliobapiga na sababu ya uongo, nikiwa nasema heshima.

Kamionete ilikufa na uzee. Manometa niliitoa, iko kwenye gari yangu. Siku hizi ni mie shofa, Papa anakaa pembeni, na sikio lililokufa ndilo liko upande wangu. Kwa hiyo mie, muntu wa maneno yote haya, napanda ile mulima kimya. Yeye anaangalia mushale mpaka unyanyuke. Halafu ananigeukia.

"Inaimba?"

Namuitikia na kichwa.