Kinyozi Hajinyoi: Fundi wa Kuta za Mbao Aliyeshindwa Kuchagua Ukuta Wake

Jua limepanda kiasi cha kukausha umande, na nesi mstaafu ameketi kwenye kigoda, macho kayafumba, mgongo kauegemeza kwenye ukuta wa nyumba yake ambayo bado haijaisha. Nyuma yake zimegongwa mbao tano, kila moja ya mti wake. Amekwisha kuegemea nne. Mbele yake, kikombe cha chai mkononi, amesimama mwanamke mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Usifumbue, dada," anaonya fundi. "Macho yanapenda rangi. Rangi inapita."

"Na mgongo je?"

"Mgongo haudanganyiki. Ukuta wa nje ndio utakaouegemea jioni ukimenya viazi, ukipokea wageni, ukisubiri wajukuu. Usipokupenda leo, hautakupenda uzeeni."

Nesi anahamisha kigoda hadi ubao wa tano. Anajisogeza kidogo, anaegemea, anatulia. Halafu mabega yake yanashuka yenyewe, kama ya mtu aliyevuliwa mzigo.

"Huu unataka nilale," anasema.

"Basi tumemaliza kazi."

Nesi anafumbua macho, anaugeukia ubao alioupenda, kisha anamgeukia fundi. "Na wewe mwenyewe, kwako umeweka ubao gani?"

Fundi anacheka mpaka chai inamwagika. "Njoo uone. Ila ungeniuliza kabla ya mvua hizi, ningekutoroka."

Watu humwita Mama Randa, kwa ajili ya chombo chake cha kulainishia mbao, ambacho watani wanasema hulala nacho mto mmoja. Kwa miaka ishirini kazi yake imekuwa kuvisha nyumba. Wengine hujenga, yeye huja mwishoni, akafunika kuta za nje kwa mbao za asili, kwa wale wanaotaka nyumba yenye sura ya porini, kana kwamba imeota pale pale ilipo.

Kuvisha nyumba moja humpa chakula cha miezi miwili, akila kwa kipimo. Ipo pia miezi ambayo simu hailii hata mara moja, na hapo mshahara wa mumewe, mpishi wa shule, ndio unaobeba sufuria. "Mungu hajawahi kutulaza njaa," anasema. "Ametulaza na ugali mkavu, lakini njaa, hapana."

Kila mteja humpigia mbao kadhaa upande unaopigwa na mvua, azione zikinyeshewa na kuchomwa na jua msimu mzima. Kisha siku ya kuchagua, kigoda na mgongo. Hana namna nyingine, na hajawahi kulalamikiwa.

Tatizo lilianza alipojenga kwake.

Yeye na mumewe walipanga chumba maisha yao yote ya ndoa. Walipopata kiwanja na kusimamisha nyumba, walihamia mara moja pamoja na mama mkwe, ambaye macho yake yamefifia na haoni tena ila kivuli cha mtu. Ndani palikuwa pameshatengenea. Nje, kuta zilifunikwa kwa nailoni nyeusi, "kwa wiki mbili tu," fundi alisema, mpaka achague mbao.

Wiki mbili zikala msimu mzima.

Mbao za majaribio alizipiga, tano, palepale kando ya mlango. Kila jioni akirudi kazini alizikagua, na kila jioni alizitoa kasoro. Mtiki ulikuwa mzuri, lakini fedha yake ingetosha upande mmoja tu wa nyumba. "Sasa nyumba ivae koti mbele, mgongo wazi?" Mkaratusi ulikuwa na kiburi: leo umenyooka, kesho umegeuza shingo. Msonobari ulikuwa mwepesi na wa bei nafuu, lakini ukungu ulishaanza kuutia madoa. Mvule ulimtia giza. Mwerezi uliorandwa ulinukia vizuri, ila aliuona mwekundu mno.

Mumewe alichoka. "Mimi ulinichagua jioni moja," alimwambia. "Mbao msimu mzima?"

"Ndiyo maana safari hii natulia," akajibu.

Jirani yao, fundi bomba, hakumwacha salama. Siku moja mgeni alipita akauliza ni wapi anakaa fundi wa kuta za mbao. Fundi bomba akamwonyesha kwa kidole nyumba ya nailoni. Mgeni akaitazama, akashukuru, akaondoka zake.

"Jirani, nimekupotezea mteja," fundi bomba alikiri jioni.

"Hujampoteza wewe. Kaiona nailoni."

Tena nailoni yenyewe ilishachakaa. Upepo uliipasua pembeni, na usiku ikawa inapigapiga ukutani. Mama mkwe alilalamika kwa sauti ya upole, ile inayouma kuliko ya ukali. "Nyumba gani hii, mwanangu, inanipigia makofi usiku kucha? Mimi mbona sijaimba?"

Walicheka, lakini fundi hakulala. Upepo ulikuwa unapenya, na kifua cha mama kilishaanza kukwaruza. Mawingu yalikuwa yanajikusanya kila alasiri. Mvua ikianza kabla ukuta haujavikwa, maji yangeingia hadi kitandani kwa mzee yule, na mbao za ndani zingevimba. Yeye aliyefunika nyumba za watu, aifunue ya mama mkwe wake?

Alisali. Alipomaliza kusali, bado hakujua achague nini.

Kilichokuwa kinamzuia, anakiri sasa, hakikuwa mtiki wala mvule. Alizaliwa katika nyumba ya mabanzi. Baba yake alikuwa mbeba magogo katika kiwanda cha kupasulia mbao, na jioni aliruhusiwa kuchukua vile vipande vya kwanza vya gogo, vya nje kabisa, vyenye gome upande mmoja, ambavyo kiwanda hakiviuzi. Alivibeba kichwani, akawajengea watoto wake nyumba.

Shuleni walimwita Gome. Alipojifunza useremala alijiapiza kwamba kila kitakachopita mikononi mwake kitanyooka na kulainika. Jina la Mama Randa alilipenda kuliko jina alilobatizwa.

"Nilikuwa nataka ukuta ambao mtu akipita asikumbuke nilikotoka," anasema. "Kumbe hakuna aliyekuwa anakumbuka ila mimi."

Kisha siku moja alirudi nyumbani mapema, kwa sababu mteja alikuwa amesafiri. Alipokata kona ya nyumba akasimama.

Mama mkwe alikuwa ameketi nje, kigoda chake kimesukumwa ukutani, kichwa nyuma, midomo inacheza sala zake za alasiri. Hakuegemea mtiki, wala mvule. Alikuwa ameegemea ubao wa sita, ambao haukuwa kwenye mashindano hata kidogo. Ulikuwa banzi la mwerezi, limebaki kwenye kazi ya mtu, na mumewe alilibandua gome akaligonga pale ili apate pa kutundika taulo lake la jikoni.

"Mama, mbona umekaa kwenye ubao wa taulo?"

"Kumbe ni wa taulo? Mimi najua ni wa mgongo."

"Siku zote unakaa hapo?"

"Tangu tuhamie. Ukienda kazini nami nakuja kazini kwangu."

Fundi akasogea. Akaona kitu ambacho jicho lake, linalojua kupima unene wa uzi, lilikuwa limekipita kila jioni. Mahali kichwa cha mama kilipogusa, banzi lilikuwa limeng'aa. Kitambaa chake cha kichwa na mafuta ya nywele, alasiri baada ya alasiri, vilikuwa vimelipaka rangi ya asali. Zile tano zilizokaguliwa na kusemwa zilikuwa zimekauka vilevile, hazijaguswa na mgongo wa mtu.

"Hilo ni banzi tu, mama," akasema. "Si la nyumba. Hata aibu naona."

"Aibu uione wewe mwenye macho. Mimi naona raha." Mzee akajiinua, akapapasa, akamshika mkono. "Kaa."

"Mama, nina kazi."

"Kaa, nimesema. Funga macho. Si ndivyo unavyowaambia watu na pesa zao?"

Hapo fundi hakuwa na pa kukimbilia. Akakaa. Akafunga macho.

Ukingo wa banzi lile haukuwa umenyooshwa na msumeno. Ulikwenda kwa mawimbi, jinsi mti wenyewe ulivyojiotea, na mawimbi yale yakampokea katikati ya mabega. Jua lilikuwa limelipasha moto. Likatoa harufu. Na ndani ya harufu ile akamwona baba yake akiingia mlangoni, mzigo kichwani, jasho shingoni, akisema, "Leo tunaziba upande wa upepo."

Alikaa muda. Mama mkwe hakumharakisha.

"Basi nikaelewa," anasimulia, huku akipangusa jicho na kucheka papo hapo. "Nyumba ya baba ilioza kwa sababu aliacha gome, na gome ni nyumba ya wadudu. Na mbao alizichimbia chini kwenye udongo, mchwa wakakaribishwa. Hakujua. Alikuwa na haraka ya kutufunika. Banzi halikuwa na kosa lolote."

Kesho yake alikwenda kiwandani. Vijana wa msumeno walipomwona akichambua lundo la mabanzi ya mwerezi, wakamtania. "Mama Randa, leo kuni?"

"Kuni za kuvaa," akawajibu. Wakampakilia bure, isipokuwa gharama ya usafiri.

Mawingu hayakumpa nafasi ya kupumua. Mumewe aliomba ruhusa kazini, akaja na visu vyake vya jikoni kubandua magome. Fundi bomba alisimama kwenye uzio akitazama, akashindwa kujizuia, akavuka na panga lake.

"Sijaja kusaidia," alisema. "Nimekuja kulipa deni la yule mteja."

Uwanja wote ukajaa maganda, na mama mkwe akapewa kazi ya kukagua: kila banzi lililobanduliwa lilipitishwa mikononi mwake, akalipapasa toka juu hadi chini. Lenye gome lililosalia hata kipande cha ukucha alilirudisha. Mumewe alirudishiwa mengi kuliko wote.

"Mama, mimi ni mwanao," alilalamika.

"Ndiyo maana nakujua," mama akamjibu.

Walianza chini kwenda juu, kila banzi likilalia lililo chini yake kama magamba ya samaki, ukingo wa mawimbi ukining'inia nje ili maji yadondoke mbali na ukuta. Banzi la kwanza halikugusa udongo. Liliachwa juu kwa urefu wa shubiri. Misumari fundi aliipiga mwenyewe, na hakuruhusu msumari mmoja ushike mbao mbili kwa pamoja.

"Mbao zinavimba zikinyeshewa, zinanywea zikikauka," anaeleza. "Ukizibana zitapasuka. Ni kama watu wa nyumba moja. Walale bega kwa bega, lakini kila mmoja awe na msumari wake."

Na randa? Randa ilibaki mfukoni siku zote zile. Ilimwasha mkono, anasema, hasa kwenye ubao mmoja karibu na dirisha ambao una nundu. Aliitoa mara mbili, akairudisha mara mbili. Nundu ipo mpaka leo, na watu wanaitundikia kofia.

Banzi la taulo hawakuling'oa. Waliliacha mahali pake, na ukuta mzima ukapangwa kulifuata. Mpishi imebidi atafute pengine pa kuanika taulo lake.

Mpako wa mwisho wa mafuta ya kukinga mbao ulikuwa haujakauka vizuri ukutani mvua ilipoanza.

Sasa wateja wanaletwa hapa kwanza. Nesi mstaafu naye amekuja kama alivyoalikwa, amepitisha mkono kwenye mawimbi, amekaa, na ametangaza kwamba pengine abadili mawazo. Fundi amemkatalia. "Wako ulishakuchagua. Usiwe mtu wa nailoni kama mimi."

Mpango wake ni benchi. Anataka kulijenga chini ya ukuta wote wa mbele, toka pembe hadi pembe, kwa mabanzi hayohayo, ili mtu yeyote anayepita na mgongo wake umechoka apate pa kuuweka. Miguu ya benchi ameshaikata. Anasema akijaliwa uzima litakuwa limekamilika kabla wajukuu wake hawajafunga shule na kuja likizo, na la mwisho atakaloandika juu yake kwa patasi ni jina alilokuwa akilikimbia: Gome.

"Litawafaa wateja," anasema. "Watajua tangu mlangoni kwamba hapa tumelibandua."

Jioni hii mvua inanyesha ya kutosha. Maji yanateremka ukutani wimbi kwa wimbi, yanadondoka mbali. Ndani, mumewe anakoroga uji, fundi anapaka randa yake mafuta, na fundi bomba, ambaye siku hizi hakumbuki kwake ni wapi, anasubiri uji. Mama mkwe ameketi kitandani akitega sikio. Kifua chake kimetulia.

"Mbona leo nyumba haipigi makofi?" anauliza.

"Inakusubiri uimbe, mama," fundi anamjibu.

Mzee anafikiri kidogo. Anajifunga khanga vizuri, anakohoa mara moja kusafisha koo.

"Basi wekeni chini vikombe," anasema. "Nitaimba, na makofi mtapiga ninyi."