Mdomo wa Nyandwi

Nyandwi alikuwa na lugha moja tu, Kihangaza, na alijivuna nayo kama mtu mwenye shati moja anayedai mengine yanawasha. Kiswahili, alisema, ni lugha ya askari, wachuuzi na watu waliopotea njia. Ng'ombe wake ana ulimi mmoja na ananenepa. Yeye ndimi mbili za nini?

Alilima migomba na kahawa kidogo kwenye mlima karibu na Rulenge. Enzi za kisomo, watu wazima walipoitwa kujifunza, alijificha shambani kila alasiri mpaka mwalimu akachoka kumtafuta. Mkewe, Rozalia, ndiye aliyekwenda. Alirudi anasoma, anaandika, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mwalimu mwenyewe. Tangu hapo Nyandwi hakuwa na shida. Akiwa na neno la kumpa mtu wa ofisi, alimpa Rozalia kwa Kihangaza, Rozalia akalivusha ng'ambo.

Ila neno likifika kwa Rozalia na miiba, lilitoka limemenywa.

Siku moja zahanatini, tabibu alimpima tumbo. Nyandwi akamwambia mkewe, "Mwambie huyu mtoto wa koti jeupe mikono yake imepoa kama chura."

Rozalia akamgeukia tabibu. "Mzee anashukuru, Daktari. Anasema una mikono myepesi."

Tabibu, mtu wa Dodoma, akatabasamu na kumwongezea dawa. Mtendaji wa kata naye alikuwa mgeni, ametokea upande wa Bukoba. Nyandwi alimpelekea ujumbe kwamba mawe ya barabara yameishia tumboni mwake, na ndiyo maana tumbo linatangulia. Rozalia alimwambia mtendaji kwamba mzee anaomba, akipata nafasi, barabara yetu ikumbukwe. Mtendaji alisema laiti wananchi wote wangekuwa na adabu kama mzee huyu. Mwaka uliofuata akamweka kwenye baraza la usuluhishi.

Nyandwi akaona wamemwogopa. Ukiwapa ukweli wao, alisema, wananyooka. Majirani waliosikia pande zote mbili walifunga midomo. Nani avunje ngoma anayoitazama bure?

Ikaja tisini na saba, mwaka wa msako. Warundi waliokuwa wametawanyika mashambani walikusanywa kupelekwa kambini. Nyandwi hakujali. Yeye na msako wapi na wapi? Akadandia lori kwenda Nyakahura kumwona mkwewe. Rozalia alibaki kumwuguza binti yao Priscila, aliyekuwa amejifungua.

Kwenye kizuizi lori lilisimamishwa. Askari akamwuliza jina lake, kijiji chake, na anakwenda wapi. Nyandwi akageuka kando, mahali Rozalia alipozoea kusimama. Palikuwa na gunia la maharage.

Basi akajibu mwenyewe, kwa Kihangaza. Sasa Kihangaza na Kirundi ni watoto wa tumbo moja, mgeni hawatenganishi. Na jina Nyandwi liko pande zote mbili za mpaka. Jua halijafika utosini, yumo kwenye lori jingine kwenda kambi ya Lukole. Warundi waliomo wakamkaribisha kama ndugu, wakamwuliza ametokea mkoa gani. Aliwatukana. Walimwelewa vizuri sana. Ndio watu wa kwanza kumwelewa siku ile.

Kambini wakaambiwa kwamba Ijumaa, asiye na mtu wa kumshuhudia atarudishwa alikotoka. Nyandwi alikotoka ni Rulenge. Lori la Ijumaa halikuwa linaelekea Rulenge.

Jumatano akaingizwa ofisini. Mezani alikaa afisa kijana, mtu wa Tanga. Pembeni alisimama mkalimani, Ntakirutimana, mkimbizi aliyekuwa mwalimu kwao, mwenye Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, kila kimoja mahali pake. Alikuwa na kanuni moja: neno huvuka kama lilivyo, haliongezwi, halipunguzwi. Kwa kanuni hiyo watu walimwamini.

Afisa aliuliza mzee amezaliwa wapi. Nyandwi alifurahi. Hatimaye mtu anayesikia lugha yake.

"Mwambie," alisema, "nimezaliwa Tanzania kabla baba yake hajajua kuvaa suruali."

Ntakirutimana akatafsiri. Afisa akaweka kalamu chini. Nyandwi akaona uso wa kijana umebadilika, akashangaa. Miaka thelathini amesema na watu wa ofisi hivi hivi, na wote walitabasamu.

"Umemwambia nini?" akamwuliza mkalimani.

"Ulichosema, mzee."

"Mke wangu naye husema nilichosema. Mbona wale hawakununa?"

"Basi mkeo ni fundi kunipita," alisema Ntakirutimana.

Afisa aliandika mstari mmoja mfupi. Nyandwi akarudishwa kwenye turubai.

Alhamisi Rozalia, aliyepelekewa habari na dereva wa lori la kwanza, akafika, vumbi mpaka magotini, na barua ya mtendaji yenye mhuri. Afisa akamwamkia, shikamoo mama, akafungua barua na kuisoma kwa sauti. Ilisema Nyandwi ni raia, mjumbe wa baraza la usuluhishi, mzee mpole, mwenye lugha ya staha kuliko wote katika kata.

Afisa akaikunja taratibu. Alisema mama amsamehe, lakini mtu wa barua hii hayumo kambini. Aliyemo alimvua marehemu baba yake suruali, jana, kwenye kiti hicho. Alisema pia kwamba wiki hiyo wengi wameleta barua za watu wengine.

Rozalia akaomba mumewe aletwe. Nyandwi akaja, akaketi kwenye benchi, akamwambia mkewe kwa Kihangaza kwamba amechelewa, na amweleze huyu kijana mara moja. Hakujua kwamba barua ile ya sifa ndiyo inayompandisha kwenye lori.

Rozalia alishika pindo la kitenge. Akamtazama mumewe, akamtazama afisa.

"Mpole ni mimi, mwanangu," alisema. "Barua hiyo imenisifu mimi. Huyu, tangu anioe, sijamtafsiri sawasawa hata siku moja."

Kanuni ni kanuni. Ntakirutimana akamgeukia Nyandwi na kumpa neno hilo kwa Kirundi, zima, bila kulimenya.

Tabibu akampitia Nyandwi machoni, na tabasamu lake. Mtendaji akampitia. Baraza zima la usuluhishi likampitia. Kumbe hakuna hata mmoja aliyewahi kumwogopa.

Afisa naye hakuwa mjinga. Akasema mzee aseme neno lolote, mama atafsiri, kisha mkalimani atafsiri neno lile lile. Tusikie.

Nyandwi hakuhitaji kufikiri. "Mwambie masikio yake ni ya popo, na akili pia anailaza kichwa chini."

"Mzee anasema," Rozalia akasema pale pale, "wewe unasikia hata yaliyofichwa gizani."

Afisa akamgeukia Ntakirutimana. Ntakirutimana akakohoa, akatafsiri. Kalamu ya afisa ilitulia, mabega ndiyo yaliyotikisika.

"Huyu ni wenu," alisema, akigonga mhuri. "Hakuna nchi nyingine itakayompokea. Na hiyo barua, mama, itunze. Ni yako."

Walitembea mpaka mlima wa pili.

"Miaka thelathini unanisemea uongo," Nyandwi akasema.

"Dawa ulipewa, hukupewa?" Rozalia akajibu. "Ningelivusha neno lako vile vile, baba Priscila, ungekufa na tumbo lako."

Wiki ile ile Nyandwi akadai afundishwe Kiswahili. Si kwa kupenda. Alitaka kuwatukana mwenyewe, bila mtu kati. Rozalia alikubali. Kila jioni, akichambua maharage, alimpa maneno matatu: asante, tafadhali, samahani. Kesho yake: karibu, pole, hongera. Nyandwi akauliza tusi linasemwaje. Akaambiwa liko mbele, bado hawajalifikia. Miaka kumi hawakulifikia.

Rozalia alikufa mwaka Lukole ilipofungwa. Kifua. Siku tatu.

Mazikoni alikuja mtendaji, sasa mnene zaidi, gari likiwa limekwama mara mbili njiani. Alihutubia muda mrefu. Alimsifu mfiwa kwa upole wake. Marehemu alimtaja mara moja, akakosea jina.

Nyandwi akasimama kumjibu. Neno alikuwa nalo tayari kwa Kihangaza, refu, lenye tumbo ndani yake, na mawe, na jina la Rozalia kwa usahihi. Majirani walimjua, wakasogea wasikie. Akageuka kando, kama alivyozoea. Palikuwa na udongo mbichi na jembe.

Akatafuta katika Kiswahili chake, chote.

"Tunashukuru kwa kufika," alisema. "Ukipata nafasi, barabara yetu ikumbukwe."

Majirani waliokuwa wanangoja kucheka wakainamisha vichwa.